Tusiuze Kompyuta na Siri Zake



Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na familia kadhaa zinafikiria kompyuta mpya. Je, ile ya zamani tunaiachaje?

Kwa maoni yetu, kuhama kuna hatua tatu. Kwanza, tunakili picha, barua na kazi za masomo kwenye diski ya nje, kisha tuzifungue katika kompyuta mpya kuhakikisha zinasomeka. Programu hazihami hivyo, huwekwa upya. Pili, tuhamishe mipangilio, zikiwemo anwani tulizohifadhi kwenye kivinjari na maneno ya siri. Tatu, na hii ndiyo inayorukwa, tuisafishe ya zamani kabla ya kuiuza au kuigawa. Faili lililofutwa huweza kubaki diskini, na mwenye ujuzi akalirudisha. Windows ina njia ya kuirejesha kompyuta katika hali ya upya. Tuchague kufuta kila kitu na kusafisha diski.

Anayeuza kabati hutoa nguo zake kwanza. Picha za mama na dada zetu, na matokeo ya wenzetu, ni amana. Waliotupa sisi hawakumpa mnunuzi.