Sabufa za wati 5,000: mtaji wa pamba uko hatarini

Fedha za pamba zinapoanza kuzunguka mkoani Simiyu, sabufa ni miongoni mwa bidhaa zinazotoka haraka madukani Bariadi. Wafanyabiashara wengi huagiza kwa kutazama namba iliyo kwenye boksi: wati 5,000, wakati mwingine zaidi. Hapo ndipo mtaji unapopotea.

Namba hiyo huandamana na herufi PMPO, ambazo hazina kanuni moja. Kila kiwanda hukokotoa kipendavyo. Kipimo cha kuaminika ni RMS. Wala haihitajiki kumwita fundi: chombo kigeuzwe, kibandiko cha nyuma kisomwe. Kinachovuta wati 60 kwenye soketi hakiwezi kutoa wati 5,000 za sauti. Umeme hauzaliani njiani.

Hata wati zikiwa za kweli, kuziongeza maradufu huleta desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Kinachobadilisha sauti sebuleni ni spika zenyewe, uzito wa maboksi yake na mahali yalipowekwa. Sabufa ikisukumwa kwenye kona, besi huvimba na maneno ya filamu zilizotafsiriwa humezwa. Mteja hurudi akidai ameuziwa kibovu. Waya za bei mbaya, kwa mita 3 au 4, hazisaidii kitu.

Kwa mwenye mtaji mdogo, sabufa 10 zenye spika nzuri ni afadhali kuliko 20 zenye namba kubwa. Anayefuata mzigo Kariakoo au Mwanza asijaribu kwa muziki. Afungulie taarifa ya habari, asikilize kama msomaji anaeleweka.