Tusimhukumu binti kwa jina la nyota

Majuzi alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, binti wa jamii ya Kihindi aliyezaliwa na kulelewa papa hapa Nairobi. Hakuja kutaka barua ya kumpendekeza kazini, kama wafanyavyo wengi. Alikuja na neno moja tu. "Mwalimu," akaniuliza, "wewe ni mtaalamu wa lugha. Hili neno Mula, maana yake hasa ni nini?"

Nilimjibu kwamba katika Kisanskriti mula ni mzizi. Akatabasamu kwa huzuni, kisha akanipa kisa chake. Posa yake ilikuwa imekwisha kukubaliwa na pande zote mbili, mpaka mnajimu wa upande wa mume alipopewa tarehe na saa ya kuzaliwa kwake. Mnajimu alipiga hesabu, akaona kwamba saa ile mwezi ulikuwa katika kituo cha Mula. Posa ikavunjika. Binti wa Mula, wakaambiwa, akiolewa humletea baba mkwe mauti. Sasa baadhi ya jamaa zake wanamshauri kwamba posa nyingine ikija aigeuze saa ya kuzaliwa kwake, ili mwezi uhamie kituo kingine.

Kwa faida ya msomaji asiyeyajua mambo haya, yafaa nieleze kwa ufupi. Mwezi huimaliza safari yake mbele ya nyota kwa muda wa siku 27 na saa zinazokaribia 8. Wataalamu wa kale wa Bara Hindi waliigawa njia hiyo katika vituo 27, takriban kituo kimoja kwa siku, wakaviita nakshatra. Hiyo ni kazi ya akili kubwa, nami sithubutu kuidharau. Kwa vituo hivyo walipanga miezi, sikukuu na sadaka zao. Waarabu nao walihesabu vituo 28, na kwa njia yao elimu hiyo ikafika pwani yetu kwa jina la manazili. Kituo cha tatu katika orodha zote mbili ni lile kundi dogo la nyota ambalo Mswahili huliita Kilimia, kwa kuwa lilimwonyesha majira ya kulima.

Mula ni kituo cha 19. Nyota zake zimo katika mkia wa Nge, kundi ambalo wanafalaki wa pwani huliita Akarabu. Msomaji atakaye kuziona na atoke nje usiku wa Julai au Agosti, atazame upande wa kusini. Ataona nyota zilizojipinda kama kulabu.

Hapa ndipo mwanaisimu apatapo la kusema. Wahindi walipozitazama nyota hizo waliona fungu la mizizi iliyofungwa pamoja. Waarabu, katika kituo chao ambacho nacho ni cha 19, waliona mkia wa nge ulioinuliwa tayari kuuma, wakauita Shaula. Wachina waliona mkia wa joka. Wenyeji wa visiwa vya Hawaii, ambao ni watu wa bahari, waliona ndoana ya kuvulia samaki. Nyota ni zizo hizo. Kilichotofautiana ni macho na maisha ya watazamaji. Mtaalamu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, alitufunza kwamba baina ya jina na kitu hakuna kamba ya maumbile; iliyopo ni mapatano ya watu. Je, lau Wahindi wangaliona ndoana badala ya mizizi, binti huyu angalishtakiwa kwa kosa gani?

Isitoshe, hata mzizi wenyewe una maana nyingi. Mti husimama kwa mzizi, mganga hutibu kwa mzizi, nasi wanaisimu tukitaka kulijua neno huutafuta mzizi wake. Lakini kung'oa mzizi ni kuangamiza. Wanajimu waliushika upande huu wa kung'oa, kwa kuwa kituo cha Mula kimewekwa chini ya Nirriti, mungu wa kike wa maangamizi. Huo ni uteuzi wa maana moja kati ya nyingi, na uteuzi ni kazi ya mwanadamu.

Wala uteuzi huo haukuwa mmoja siku zote. Katika Atharvaveda, mojawapo ya Veda nne, nyota mbili za mkia huo huitwa Vichritau, yaani wafunguaji, na huombwa zimfungue mgonjwa kutoka katika maradhi ya kurithi. Ni kweli kwamba hofu nayo imo katika kitabu kicho hicho. Yamo maombi kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa chini ya nyota hizi, ili asiwadhuru wazazi wake na apate kuishi miaka mingi. Hata hivyo, maombi hayo yanataka mtoto alindwe. Hayasemi afukuzwe.

Linaloniudhi zaidi ni ubaguzi uliopenyezwa humo baadaye. Huko Tamil Nadu, kusini mwa India, kuna msemo mashuhuri usemao kwamba mwanamume wa Mula hutawala, lakini mwanamke wa Mula huleta nirmulam, yaani uangamivu usioacha hata mzizi. Sikiliza vina vyake, msomaji: mulam, nirmulam. Nani asiyejua jinsi kina kizuri kinavyoweza kumpendeza msikilizaji hata asiulize ukweli uko wapi? Wako Watamil wanaodai kwamba neno la kwanza la msemo huo halikuwa aan, mwanamume, bali lilikuwa Aani, jina la mmojawapo wa miezi ya kalenda yao, na kwamba ni midomo ya watu iliyoligeuza. Ikiwa dai hilo ni kweli, basi wasichana wameadhibiwa vizazi na vizazi kwa sababu ya silabi moja iliyoanguka njiani. Na hata kama si kweli, nauliza: nyota moja itajuaje kwamba huyu ni mvulana impe enzi, na yule ni msichana impe mauti?

Hebu sasa tupige hesabu. India ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Gawanya kwa vituo 27, nawe utaona kwamba watu zaidi ya milioni 50 wamezaliwa mwezi ukiwa katika Mula, na karibu nusu yao ni wanawake. Kama kila mmoja wao angekuwa mauti ya baba mkwe, msiba huo usingehitaji mnajimu wa kuutangaza. Ungeonekana katika kila kijiji.

Wako waliojaribu kuupima unajimu huu kwa njia ya sayansi. Mtaalamu wa anga wa India, Jayant Narlikar, pamoja na wenzake, waliwapa wanajimu 27 hesabu za kuzaliwa za watoto, 40 kwa kila mnajimu, wabainishe ni nani mwenye akili nyingi masomoni na ni nani mwenye ulemavu wa akili. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, majibu sahihi yalikuwa asilimia 46. Mtu anayerusha sarafu hewani angetazamiwa kupata 50.

Najua kwamba mwaka 2001 tume inayosimamia vyuo vikuu vya India iliruhusu unajimu ufundishwe vyuoni, na kwamba mwaka 2004 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilikataa kuyazuia masomo hayo. Sina ugomvi na anayeusoma unajimu kama historia, lugha na fasihi. Ugomvi wangu ni na yule anayeutoa darasani na kuupeleka barazani kuvunja posa za watu.

Wala sisi wengine tusicheke. Pwani yetu wapo wanaohesabu herufi za jina la mtu na la mama yake kwa abjadi ili kujua kama nyota za wachumba zinapatana. Wangapi wameitwa wenye nuhusi au kisirani kwa sababu ya siku waliyozaliwa, au kwa sababu mume alifariki mapema? Aghalabu anayebebeshwa mzigo huo ni mwanamke, na aghalabu ni yule mgeni aliyeingia katika nyumba ya watu na hana wa kumtetea.

Yule mwanafunzi wangu aliniuliza kama aigeuze saa yake ya kuzaliwa. Nilimwambia asifanye hivyo. Kudanganya saa ni kukiri kosa ambalo hukulitenda, na ni kumwachia binti wa baadaye mzigo ule ule. Nilimshauri awaulize wazee, kwa heshima zote, swali aliloniuliza mimi: neno hili maana yake ni nini, na ni nani aliyelipa maana hiyo? Wazee wenye busara wapo katika kila jamii, na yake haikukosa. Wao ndio wawezao kusimama mbele ya mnajimu na kusema kwamba binti wao hauziwi mashaka.

Alipoinuka kuondoka alisema kwamba kuanzia siku ile, akiulizwa nyota yake, atajibu kuwa ni mzizi, kisha atawaomba wamtajie mti uliowahi kusimama bila huo.