TAHARIRI: BEGA LINALOUMA SI UVIVU



Kila msimu wa kahawa tunasikia maneno yale yale: "Fulani kaanza uvivu, anasingizia bega." Leo tunasema maneno hayo yakome. Bega linalouma ni ugonjwa wa kazi, na mara nyingi humpata yule anayefanya kazi sana.

Hebu tuangalie kazi zetu. Huku milimani Umatengo, wanaume hufyeka na kupanga nyasi, na akina mama ndio hulima mashimo ya ngolo: jembe juu, jembe chini, kutwa. Wakirudi nyumbani, kinu na mchi. Kahawa ikiiva, mikono iko juu kwenye matawi toka asubuhi, na jioni ni kuzungusha mashine ya kumenya. Ndugu zetu wa ziwani, kule Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, wao ni kasia na kuvuta nyavu. Kazi ni mbalimbali lakini bega ni lile lile.

Ugonjwa wenyewe ukoje? Juu ya bega pana mfupa uliokaa kama paa. Chini ya paa hilo zinapita kano, yaani kamba zinazoshika misuli na kuinua mkono. Mkono ukiinuliwa mno bila mapumziko, kano hulemewa, huuma na kubanwa. Mwaka 1972 daktari mpasuaji wa Marekani, Charles Neer, alieleza kwamba mfupa ndio unaosugua kano, na kwa miaka mingi watu walipasuliwa ili mfupa uchongwe. Lakini mwaka 2018 matabibu wa Uingereza na Finland walitangaza majaribio yao: waliochongwa mfupa hawakupata nafuu ya maana kuwashinda waliopasuliwa bila kuchongwa. Basi kisu si njia ya kwanza. Wengi hupata nafuu kwa kupunguza mzigo na kuzoeza bega polepole.

Utaujua hivi: mkono unauma ukiuinua kwa ubavuni, hasa ukifika usawa wa bega, unauma ukiupeleka nyuma kufunga mtoto mgongoni, na usiku ukilalia bega hilo huoni usingizi.

Yafuatayo yafanywe:

1. Punguza kazi za mikono juu, lakini usiufunge mkono kwa kitambaa wiki nyingi. Bega lisilotumika hukakamaa.

2. Inama, shika meza kwa mkono mzima, ule mgonjwa uache uning'inie na kuuyumbisha taratibu.

3. Rudisha mabega nyuma kama unayakutanisha mgongoni, hesabu hadi 5, achia. Fanya mara 10.

4. Tambaza vidole ukutani kupanda juu, maumivu yakianza kuzidi, shuka.

5. Funga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nguzo. Kiwiko kikigusa mbavu, vuta mpira kwenda nje.

Fanya kila siku kwa wiki 6 hadi 12. Maumivu kidogo yanayotulia si neno. Yakiendelea mpaka kesho yake, punguza.

Dawa za maumivu zitumike siku chache kwa ushauri wa zahanati, kwani zikitumiwa ovyo baadhi huumiza tumbo na figo. Chale hazirekebishi kano, na wembe wa kuchangia huleta UKIMWI na homa ya ini. Wala jirani asishukiwe uchawi kwa ajili ya bega.

Nenda zahanati au hospitali upesi kama umeanguka na mkono hauinuki, kama bega limevimba na lina joto pamoja na homa, au kama mkono umekufa ganzi. Maumivu ya bega yakija pamoja na kubanwa kifua, jasho na pumzi fupi, usingoje hata saa moja: huenda ni moyo.

Sasa tuseme lililo gumu. Wiki hizo 12 nani atatwanga? Nani atalima ngolo? Mama akiambiwa apumzishe bega halafu mchi unamngoja, ushauri wetu ni maneno matupu. Jamani, mwanamume kushika mchi si aibu. Vijana wa nyumbani wapokezane kwenye mashine ya kumenya. Mwenye bega bovu achume matawi ya chini au achambue kahawa kwenye meza za kuanikia. Mibuni ikatwe ibaki mifupi, atakayenufaika ni kila mchumaji. Mzigo wa kutwika uinuliwe na watu wawili. Kasia libadilishwe upande.

Bega likiharibika kabisa, nyumba imepoteza jembe lisilouzwa dukani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Katibu