MAKOHOZI YATOKE KIFUANI



Hapa Matiliku wako wenzetu waliokohoa mpaka wakazoea. Wavunja kokoto, wachoma matofali na wapishi wa kuni, wote huvuta vumbi au moshi mwaka baada ya mwaka. Wengine waliugua kifua kikuu wakapona, lakini mapafu yakabaki na makovu. Njia za pumzi zikisha kuharibika, makohozi hayapandi vizuri yenyewe. Hukaa chini, huingia vijidudu, huleta homa, na kila homa huzidi kuliharibu pafu. Mwisho mtu hawezi kuinua sepetu, naye huitwa mvivu.

Ndugu, huyo si mvivu. Ni mgonjwa, na iko njia ya kumsaidia isiyo ya chupa ya dawa. Tabibu wa mazoezi ya viungo humfundisha kutoa makohozi. Mgonjwa hukaa wima, hulegeza mabega, hupumua polepole. Kisha huvuta pumzi ndefu mara 3 au 4, akiishika kila moja kwa hesabu ya 3. Halafu hutoa pumzi kwa nguvu, kinywa wazi, kama mtu apuliziaye kioo apate kukifuta. Makohozi yakipanda, huyatema katika kopo lenye kifuniko. Hupumzika, akaanza tena. Dakika 10 mpaka 20 asubuhi na jioni zatosha wengi. Pafu lililoharibika halirudi, lakini kifua huwa chepesi.

Jihadharini: kikohozi kisichokoma kipimwe kwanza, kisije kikawa kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure katika hospitali za Serikali. Atemaye damu asianze mazoezi kabla ya kuonana na daktari.

Sasa neno kwa wajumbe wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri awakinge watu wake na vumbi. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahesabu ugonjwa uletwao na kazi, si mkono uliokatika tu. Basi daini maji ya kulaza vumbi, vitambaa bora vya kufunika pua, na ruhusa ya kwenda kufundishwa mazoezi bila kukatwa mshahara.

Nawe unayekohoa, usijifiche. Mwambie mjumbe wako leo. Chama hakiwezi kumtetea mtu asiyesema.

Umoja ni nguvu.

Mhariri