Dirisha la Mikono Mingi

Wako watu wasemao ya kuwa kazi ya mikono shuleni ni ya kumpima kila mtoto peke yake: huyu achore yake, na yule achore yake, kisha mwalimu amsifu aliye bora. Desturi hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Iko kazi nyingine ifundishayo zaidi, nayo ni kutengeneza dirisha la rangi kwa mikono ya darasa zima.

Asili ya kazi hii ni ya zamani. Katika mji wa Chartres, nchi ya Ufaransa, liko kanisa kubwa lililoungua mwaka 1194, likajengwa tena. Madirisha yake mengi yalitengenezwa yapata mwaka 1205 hata 1240. Mafundi waliyeyusha mchanga na majivu motoni, wakatia madini ili kupata rangi: kobalti kwa samawati, na shaba kwa kijani au nyekundu. Vioo wakavikata vipande vipande, wakaviunga kwa mikanda ya risasi, kwa maana risasi ni laini, hukunjika kufuata ukingo wa kila kipande. Majina ya mafundi hao karibu yote yamepotea, lakini kazi yao ingaliko. Vita vilipokaribia mwaka 1939, vioo hivyo viliondolewa na kufichwa, na vita vilipokwisha vikarudishwa mahali pake.

Wanafunzi hawana tanuru wala risasi, lakini waweza kuiga kazi hiyo kwa vitu vyepesi. Picha moja huchorwa juu ya karatasi kubwa, hukatwa sehemu zilizo sawa, na kila sehemu hutiwa nambari nyuma. Kila mtoto hupewa yake. Hukata karatasi nene nyeusi iwe mfano wa risasi, akabandika nyuma yake karatasi nyembamba za rangi zipitishazo nuru. Kisha sehemu zote huungwa na kutundikwa dirishani. Usiku taa yaweza kuwekwa nyuma yake, lakini mbali kidogo, maana karatasi huwaka upesi.

Ugumu wa kazi uko mipakani. Mstari wa mtoto mmoja sharti ukutane na mstari wa jirani yake. Mmoja akikata kwa haraka, mkono wa mtu pichani hukosa bega, na mto wa maji hukatika katikati. Basi hawezi mtu kusema, "Sehemu yangu ni nzuri, yatosha," kwa kuwa uzuri wa sehemu yake wategemea ya mwenziwe.

Wengine hupinga, husema ya kuwa katika kazi ya wengi mvivu hujificha, na hodari hukosa sifa yake. Neno hili lina kweli ndani yake, na kwa kazi nyingine ndivyo ilivyo. Lakini katika dirisha la rangi mvivu hana pa kujificha. Karatasi zikiwa zimelazwa mezani, makosa hayaonekani sana. Nuru ikipita, kila tundu na kila mpasuko huonekana na watu wote.

Na yule hodari? Akimaliza mapema, kazi yake haijaisha, maana picha haijatimia. Yampasa aende kwa jirani yake amwonyeshe mahali mistari inapokutana. Asimnyang'anye mkasi akamfanyia yote, kwani hapo humfundisha uvivu. Tena sifa nyingi humharibu mtu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kwa hiyo si haki kuziondoa kazi za mtoto mmoja mmoja, wala si haki kuziacha zile za pamoja. Yafaa kila darasa litengeneze dirisha moja kama hilo, lisiandikwe jina la mtu hata mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kipande kimoja cha rangi, hata kingekuwa kizuri namna gani, si dirisha.