Kijiji Kimoja, Majina Mawili
Mchumi Mfaransa Jean Fourastié alianza kitabu chake cha mwaka 1979, Les Trente Glorieuses, kwa kulinganisha vijiji viwili. Cha kwanza, Madère, kilikuwa na watu 534. Kati ya 279 waliokuwa na kazi, 208 walikuwa wakulima. Nyama ya buchani ilinunuliwa mara moja tu kwa wiki, siagi haikujulikana jikoni, na chakula kilimeza takriban robo tatu ya matumizi ya nyumba. Cha pili, Cessac, kilikuwa na watu 670 na wakulima 53 tu, ila kila mmoja akivuna mazao mengi zaidi, tena kwa mbali, kuliko wale wa Madère. Kumbe ni kijiji kilekile: Douelle, kando ya mto Lot, kwenye bonde la mizabibu na misitu, mwaka 1946 na mwaka 1975. Kinachonigusa mimi si mavuno. Wakulima walipungua kiasi hicho, na bado kijiji kikaongezeka watu, kwa kuwa kazi za ufundi, biashara na ofisi zilipatikana. Basi, ndugu msomaji, ukisikia mpango wowote wa kupunguza wakulima, uliza kwanza: hao wengine watafanya kazi gani, na wapi?