Silikanti wa Kilwa Hakusimama Pale Pale

Mwaka 2003 silikanti alinaswa karibu na Songo Mnara, wilayani Kilwa. Tangu hapo, kila anapotajwa tunaambiwa kuwa ni kisukuku hai, samaki aliyebaki vilevile tangu zama za mijusi wakubwa ambao mifupa yao ilianza kuchimbwa Tendaguru, Lindi, mwaka 1907. Ni maneno matamu, lakini si ya kweli, na ushahidi wa kuyakanusha umo tumboni mwa samaki mwenyewe.

Silikanti ana pafu. Halimsaidii kupumua, maana yeye huishi kwenye kina kirefu na hupumua kwa matamvua. Mwaka 2015 mtafiti Camila Cupello na wenzake walionyesha kwamba pafu hilo huwa kubwa kiasi samaki akiwa bado kiinitete, kisha ukuaji wake hupungua hadi anapokomaa akiwa na pafu dogo, kando ya kiungo kilichojaa mafuta. Jamaa zake wa kale, kama Axelrodichthys wa zama za Kretesia, walikuwa na pafu kubwa lililofunikwa kwa mabamba ya mfupa. Huyu wetu amebakiwa na vipande vyembamba tu. Aliyepoteza matumizi ya kiungo cha kupumulia hawezi kuitwa asiyebadilika.

Wanaoutetea usemi huo wana hoja moja ya haki. Jenomu ya silikanti, iliyochapishwa mwaka 2013, ilionyesha kuwa jeni zinazotengeneza protini zake hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu. Sawa. Lakini anayekwenda polepole naye anakwenda.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu linahusu vifua vyetu. Wengi huamini mapafu yalizuka samaki walipopanda nchi kavu, na Darwin mwenyewe alidhani kibofu cha hewa cha samaki ndicho kilichogeuka pafu. Ushahidi wa leo umeupindua mpangilio huo: pafu lilitangulia, tena majini, na katika samaki wengi, changu akiwemo, ndilo lililogeuka kibofu. Kamongo wa Ziwa Victoria bado anavuta hewa kwa pafu, na ndani yake limepakwa safaktanti, ute wa mafuta na protini, kama letu. Mwaka 1959 watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kuwa watoto njiti wanaokufa wakihangaika kupumua wamepungukiwa na ute huo. Bila ute huo, vifuko vya hewa hunywea kila wanapotoa pumzi. Dawa ya kuwaokoa hutengenezwa hata kutokana na mapafu ya ng'ombe na nguruwe. Ute huu tulio nao sisi na kamongo, basi, una asili ya kale kuliko miguu.

Kwa hiyo silikanti si wa kutazamwa nyuma ya kioo cha makumbusho tu. Pafu linalokua kisha likadumaa linaweza kutufunza ni jeni zipi huliamuru likue na zipi huliamuru lisimame. Yeye yumo hatarini kabisa kutoweka, na mtu yeyote asithubutu kumvua kwa ajili ya maabara. Ila anayeletwa ufukweni amekwisha kufa kwenye jarife la papa, kipande cha pafu lake kigandishwe siku hiyohiyo, kwa sababu formalini huhifadhi umbo lakini huharibu RNA, na bila RNA hatuwezi kujua ni jeni zipi zilikuwa zikifanya kazi.